Redio ya upepo: inavyofanya kazi, namna ya kuongea na kibali chake

Redio unayotusikiliza ina njia moja. Sisi tunasema, wewe unasikia. Ukitaka kutujibu unachukua simu, unapiga au unatuma meseji. Redio ya upepo ina njia mbili: kifaa kilekile kinasema na kinasikia. Ndiyo ile ambayo askari wa doria, walinzi wa hifadhi, wafanyakazi wa migodini na madereva wa mashirika huishika mkononi au huifunga ndani ya gari. Wengine huiita simu ya upepo, wengine wokitoki. Ng'ambo ya pili, mashariki mwa Kongo, ile kubwa ya mezani wanaiita foni.

Maswali tunayoulizwa na wasikilizaji wa Ngara na Biharamulo yanafanana. Je, kijiji ambacho mtandao wa simu unakatika kinaweza kutumia redio ya upepo? Inafika kilomita ngapi? Je, mtu anaruhusiwa kununua dukani na kuanza kuongea? Makala haya yanajibu maswali hayo moja baada ya jingine.

Tofauti yake na simu

Ukimpigia simu jirani wa nyumba ya pili, sauti yako haiendi kwake moja kwa moja. Inakwenda kwanza kwenye mnara wa kampuni ya simu, inapita kwenye mitambo yao, kisha inarudi kwa jirani. Mnara ukikosa umeme na betri zake zikaisha, au radi ikaupiga, wewe na jirani hampatani hata kama mnaonana kwa macho.

Redio ya upepo haihitaji mnara katikati. Redio ya kwanza inarusha mawimbi hewani, redio ya pili inayanasa na kuyageuza kuwa sauti. Haidai vocha wala bando. Mtu mmoja akiongea, wote walio kwenye chaneli hiyo wanasikia kwa wakati mmoja. Kwa kazi ya kundi, kama kumtafuta mtoto aliyepotea au kuzima moto wa msitu, hilo ni jambo kubwa: ujumbe mmoja unawafikia watu kumi bila kupiga simu kumi.

Lakini ina mipaka yake. Watu wawili hawawezi kuongea kwa pamoja. Mmoja anasema, mwingine anasubiri. Haina siri. Na umbali wake ni mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Wapo wanaouliza kama simu ya mkononi inaweza kugeuzwa kuwa redio ya upepo kwa kupakua programu. Programu za namna hiyo zipo, mfano Zello, na zinafanya kazi vizuri. Ila zinatumia intaneti. Pale ambapo simu inaandika "hakuna mtandao", programu nayo inanyamaza. Simu ya kawaida haina mtambo wa kurusha mawimbi moja kwa moja hadi simu nyingine iliyo kilomita kadhaa mbali, na hakuna programu inayoweza kuuongeza mtambo huo.

Ngara ya mwaka 1994

Wilaya ya Ngara imewahi kuona kazi ya redio za upepo kwa kiwango ambacho sehemu nyingi za Tanzania hazikuona. Mwishoni mwa Aprili 1994, takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi yetu. Zikafuata kambi nyingine kama Lumasi, na baadaye Lukole kwa ndugu zetu kutoka Burundi.

Wakati huo simu za mkononi zilikuwa hazijafika huku. Lori la maji likikwama, ghala la chakula likipungukiwa, mgonjwa akihitaji gari, ujumbe ulipita kwa redio. Waliokuwa watu wazima wanayakumbuka magari meupe yenye antena ndefu iliyopindwa kutoka mbele hadi nyuma. Antena ile ndiyo ilimwezesha dereva aliye barabarani kuongea na ofisi iliyo mamia ya kilomita mbali. Dereva huyohuyo alikuwa na redio nyingine ndogo mkononi kwa kuongea ndani ya kambi. Kwa nini redio mbili? Hapo ndipo tunapofika kwenye aina za redio.

Aina tatu za redio

Mawimbi ya redio hupimwa kwa masafa, na kipimo chake ni megahezi. Kituo cha FM unachokisikiliza kipo kati ya megahezi 87.5 na 108. Redio za upepo hutumia masafa mengine, na zimegawanyika katika makundi matatu yanayotajwa kwa herufi za Kiingereza.

HF ni masafa ya megahezi 3 hadi 30. Mawimbi yake hupanda juu angani, yakafika kwenye tabaka la hewa ambalo jua limelibadilisha hali, kisha yakarudishwa chini mbali sana na pale yalipotoka. Ndiyo maana redio ya HF iliyopo Ngara inaweza kuongea na Mwanza, Nairobi au Dar es Salaam bila mnara wowote katikati. Ubaya wake ni kwamba tabaka hilo hubadilika mchana na usiku, hivyo masafa yanayofaa saa sita mchana huenda yasifae saa sita usiku. Sauti yake pia ina mvumo mwingi.

VHF ni megahezi 30 hadi 300. Redio nyingi za upepo za kundi hili hufanya kazi kati ya megahezi 136 na 174. Mawimbi yake huenda karibu sawasawa kama mwanga wa tochi, na sauti yake ni safi. Yanafaa mashambani, porini na ziwani.

UHF huanza megahezi 300 hadi 3,000, na redio nyingi za mkononi hutumia kati ya 400 na 480. Nayo huenda kama mwanga. Hupenya vizuri zaidi kwenye milango na madirisha, kwa hiyo hupendwa ndani ya majengo, maghala na viwanda. Porini kwenye majani mengi, mara nyingi VHF huishinda.

Urefu wa antena nao unatoka hapa. Wimbi la megahezi 5 lina urefu wa mita 60. La megahezi 150 lina mita 2. La megahezi 450 lina sentimita 67 hivi. Antena nzuri ya kawaida huwa robo ya urefu wa wimbi. Ndiyo sababu gari la HF lilibeba fimbo ndefu, wakati redio ya UHF inatosha kwa kijiti kinachokaribia urefu wa kiganja.

Inafika kilomita ngapi?

Kwenye boksi la redio ya mkononi utakuta imeandikwa kilomita 10, wakati mwingine 30. Usinunue kwa kuamini namba hiyo. Kwa VHF na UHF, swali la kwanza ni hili: je, kati ya antena yangu na antena ya mwenzangu kuna kizuizi?

Chukua watu wawili waliosimama kwenye tambarare tupu, kila mmoja ameshika redio kwenye usawa wa kifua au mdomo. Umbo la dunia lenyewe, kwa kuwa ni la mviringo, huwaruhusu kufikiana kwa kilomita 10 hivi. Hiyo ni pale ambapo hakuna mti, nyumba wala kichuguu. Weka miti ya miombo ya Biharamulo katikati, na umbali unaweza kushuka hadi kilomita 2 au 3. Weka kilima kimoja cha Ngara katikati, mmoja akiwa bonde hili na mwingine bonde lile, na huenda wasisikilizane kabisa ingawa ni kilomita moja tu.

Sasa mpandishe mmoja wao. Antena ikiwekwa kwenye nguzo ya mita 15, mpaka wa tambarare unasogea hadi kilomita 20 na kidogo. Ikiwekwa kwenye kilima kilichoinuka mita 200 juu ya mazingira yake, unafika kilomita 60 kwa yule anayeonekana kutoka hapo. Kwa hiyo kwenye nchi yetu ya milima, kimo kina thamani kuliko nguvu ya redio. Redio ya mkononi huwa na wati 5 hivi, ya gari wati 25 hadi 50. Kuongeza wati hakukitoboi kilima. Ukikosa mawasiliano, kwanza panda juu, toka chini ya bati, inua antena isimame wima, kisha jaribu tena.

Taasisi zenye eneo kubwa hutumia ripita. Huu ni mtambo unaowekwa mlimani. Unapokea sauti kwenye masafa moja na papo hapo kuirusha kwenye masafa mengine kwa nguvu zaidi. Mtu wa bonde hili haoni bonde lile, lakini wote wawili wanauona mlima, basi wanaongea kupitia mlimani. Ripita inahitaji umeme wa jua, betri nzuri, uzio na waya wa kupeleka radi ardhini. Mkoa wa Kagera una radi nyingi, na antena iliyo juu kuliko vyote ndiyo inayopigwa kwanza. Kumbuka pia kwamba ripita ikizimika, mnarudi kwenye umbali mfupi wa redio kwa redio.

Vitufe vyake

Redio nyingi za mkononi zina sehemu hizi: kitasa cha kuwasha na kuongeza sauti, kitasa au vitufe vya kuchagua chaneli, na kitufe kikubwa cha pembeni, ambacho ndicho cha kuongelea. Ukikibonyeza unarusha, ukikiachia unasikia. Ukikikalia kwa bahati mbaya, unaiziba chaneli nzima, na wenzako wote wanasikiliza mazungumzo yako ya kwenye gari.

Kuna pia mpangilio wa kuzuia mvumo. Bila huo, redio inanguruma muda wote ambao hakuna anayeongea. Ukiukaza sana, redio inanyamaza hata mtu wa mbali anapoita. Zipo vilevile toni, sauti ndogo usizozisikia zinazotumwa pamoja na maneno yako ili redio za kundi lako tu zifunguke. Wengi hudhani toni inaficha mazungumzo. Haifichi. Mtu asiyeiweka toni hiyo kwenye redio yake anawasikia nyote.

Namna ya kuongea

Subiri chaneli iwe kimya. Bonyeza kitufe, hesabu moja moyoni, ndipo uanze. Ukiwahi, neno la kwanza linakatika. Shika redio kiasi cha upana wa vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, na ongea kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele kunaharibu maneno. Anza na jina la unayemwita, kisha jina lako. Ukimaliza sema "ovaa", yaani zamu yako sasa. Mazungumzo yote yakiisha sema "mwisho".

Mfano:

"Zahanati, Zahanati, hapa Gari Moja. Ovaa."
"Gari Moja, hapa Zahanati. Endelea. Ovaa."
"Nimefika darajani. Maji yamejaa, siwezi kuvuka. Mleteni mgonjwa upande wa shule. Ovaa."
"Nimekupata. Maji yamejaa darajani, mgonjwa aletwe upande wa shule. Tutafika baada ya dakika ishirini. Ovaa."
"Ni sahihi. Nasubiri upande wa shule. Gari Moja, mwisho."

Tazama jinsi Zahanati ilivyorudia ujumbe. Kusema "sawa" peke yake hakuonyeshi kwamba umesikia darajani au shuleni. Kurudia ndiko kunakoonyesha.

Mambo matatu yanahitaji uangalifu kwetu huku. La kwanza ni salamu. Si adabu kumrukia mtu mzima kwa ujumbe bila shikamoo, na salamu zetu ni ndefu. Kubalianeni mapema: shikamoo itolewe asubuhi, wakati wa kuitana majina kuona nani yupo hewani. Baada ya hapo, anayeanza moja kwa moja na ujumbe hajamkosea mtu heshima.

La pili ni saa. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, dereva wa kampuni anasoma saa nane. Tena Rwanda na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu nyingi za walio karibu na Rusumo au Kabanga hunasa mtandao wa ng'ambo na kubadilisha saa zenyewe. Kwa hiyo taja saa na neno la asubuhi, mchana au usiku, na mkubaliane kuwa ni saa ya Tanzania. Ikiwezekana sema "baada ya dakika thelathini" badala ya kutaja saa.

La tatu ni namba na majina. Namba ya gari itaje tarakimu moja moja. Herufi zinazofanana kwa sauti, kama B na D, zipewe majina. Askari na marubani hutumia Alfa, Bravo, Chali, Delta na kuendelea. Kundi la kijiji linaweza kutumia majina yake, ilimradi yaandikwe na kila mtu ayajue. Na lugha iwe moja. Kihangaza au Kisubi kinafaa mkiwa wenyewe, lakini siku atakapoingia hewani daktari au polisi kutoka mkoa mwingine, Kiswahili ndicho kitakachookoa muda.

Redio na uhai wa mgonjwa

Mwaka 1996 wilaya ya Iganga, nchini Uganda, ilianza mradi ulioitwa RESCUER kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi zinazochajiwa kwa jua. Vituo vya afya vikapata redio za mezani, na gari la wagonjwa pamoja na gari la mganga wa wilaya yakafungiwa redio. Mama akipata uchungu uliokwama, mkunga aliita kituo, kituo kikaita gari. Idadi ya akina mama waliopelewa hospitali iliongezeka, na vifo vya uzazi katika eneo la mradi viliripotiwa kupungua. Redio haikufanya kazi peke yake: kulikuwa na gari, mafuta na wahudumu waliofunzwa upande wa pili. Redio inayoita mahali pasipo na gari inatoa taarifa tu, haimfikishi mama hospitali.

Leo hapa Tanzania tuna m-mama, mpango ulioenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, piga 115 bure. Wahudumu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa hiyo pale penye mtandao, simu ndiyo ya kwanza. Redio ya upepo inafaa kwa kipande ambacho simu haifiki: kutoka kitongoji kilicho bondeni hadi kwa mtu aliye mahali penye mtandao, ambaye ndiye atakayepiga 115.

Biharamulo ina sababu nyingine ya kulijua jambo hili. Januari 2025 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani humo, na Machi 2025 ikatangaza kuwa umekwisha. Katika wodi ya kutenga wagonjwa wa ugonjwa kama huo, mhudumu aliyevaa mavazi ya kinga hawezi kutoka kila dakika kuomba dripu, wala karatasi aliyoiandikia ndani haipaswi kutoka. Redio mbili, moja ikae ndani na nyingine nje, hutatua hilo, mradi ile ya ndani isitoke bila kutakaswa kwa dawa.

Kibali

Hapa ndipo watu wengi wanapojiingiza kwenye matatizo. Masafa ni mali ya taifa, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanza kazi mwaka 2003. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayetumia masafa awe na leseni, na kifaa chenyewe kiwe kimeidhinishwa. Kuwa na risiti ya dukani si kibali cha kurusha mawimbi.

Sababu zake ni za kweli. Redio za bei nafuu zinazouzwa mitandaoni, mfano Baofeng UV-5R, zinaweza kuwekwa karibu masafa yoyote kati ya megahezi 136 na 174, na kati ya 400 na 520. Ndani ya nafasi hiyo wamo polisi, hospitali, migodi, na pia masafa ya vyombo vya majini, ambayo mwito wake wa dharura ni megahezi 156.8. Mtu anayecheza na vitufe anaweza kuziba mwito wa meli inayozama bila kujua. Zaidi ya hapo, sisi tuko mpakani. Mawimbi hayasimami Rusumo kuonyesha pasipoti, na nchi jirani hupanga masafa kwa makubaliano ili zisiingiliane. Mtu akikutwa karibu na mpaka au ndani ya hifadhi akiwa na redio isiyo na leseni, atakuwa na maswali mazito ya kujibu, hata kama alikuwa anachunga ng'ombe wake.

Njia sahihi ni kuomba kwa jina la taasisi: halmashauri, shule, hospitali, chama cha ushirika, kampuni, kanisa au msikiti. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza. Jiandaeni kueleza redio ni ngapi, ni za aina gani, zina wati ngapi, antena itakaa wapi na kwa kimo gani, na eneo mnalotaka kuhudumia. Mtapangiwa masafa yenu, na fundi ataziwekea redio masafa hayo tu. Ulizeni ada kabla ya kununua redio, wala si baada, kwa sababu ada hulipwa tena leseni inapohuishwa.

Wapo pia waongeaji wa redio wa kujifunza, wanaofanya kama fani na si biashara. Nao huomba leseni TCRA na hupewa jina la hewani; majina ya Tanzania huanza na 5H, Rwanda 9X, Burundi 9U, Uganda 5X na Kenya 5Z. Leseni hiyo haikuruhusu kuendeshea bodaboda wala duka.

Usiyopaswa kuyasema hewani

Yeyote mwenye redio kama yako anaweza kukusikia. Usitaje jina la mgonjwa pamoja na ugonjwa wake. Sema "mgonjwa wa kwanza" au tumia namba. Usitaje fedha, mishahara, dhahabu wala saa ya gari kuondoka. Wanaoukumbuka msitu wa Kasindaga na enzi za mabasi kusindikizwa na polisi hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Usirudie uvumi. Ukisikia kwenye redio kwamba kuna tukio, sema nani amelisema na wewe umeona nini. Watu kumi wanaosikia kosa kwa pamoja wanatawanya kosa hilo njia kumi.

Betri na usalama

Kurusha kunakula betri mara nyingi zaidi kuliko kusikiliza. Ujumbe mfupi ni adabu, na pia ni akiba ya chaji. Punguza nguvu ya kurusha ukiwa karibu na wenzako. Redio nyingi zina nafasi mbili, kubwa na ndogo. Kwenye zamu ya usiku, weka betri ya akiba mahali pakavu. Usiiache redio juu ya dashibodi kwenye jua, na usibonyeze kitufe cha kuongelea antena ikiwa imetolewa, maana nguvu inayokosa pa kutokea hurudi na kuunguza mtambo. Usiibebe redio kwa kuishika antena.

Kwa wachimbaji: palipotegwa baruti zenye viwashio vya umeme, zimeni redio na simu kabla ya kukaribia, au kaeni umbali uliowekwa na msimamizi wa milipuko. Mawimbi ya redio yanaweza kuamsha kiwashio. Mvua ya radi ikianza, chomoa waya wa antena ya nje na ukae mbali nao.

Kijiji kikitaka kuanza

Anzeni na karatasi kabla ya fedha. Choreni ramani ya kijiji na mweke alama kila mahali ambapo simu haishiki. Kama kilima kimoja kinashika na kinafikika kwa dakika kumi, huenda tatizo likatatuliwa kwa kumteua mtu mwenye simu na pikipiki. Kama maeneo yasiyoshika ni mengi na yapo mbali, ndipo redio zinapokuwa na maana.

Pili, amueni nani atasikiliza. Redio inayoita zahanati usiku wakati muuguzi amezima yake haina faida. Wekeni zamu kwa majina, pamoja na saa za kuitana asubuhi na jioni. Tatu, semeni ujumbe ukifika utamfikia nani: nani atapiga 115 kwa mama na mtoto mchanga, 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto, na pikipiki ya nani itaondoka.

Nne, ombeni mtaalamu afanye majaribio ya umbali kwa vifaa vyenye leseni kabla hamjanunua, kuanzia bonde la chini kabisa. Kinachosikika kutoka bondeni kitasikika kutoka mlimani, lakini kinyume chake si lazima. Tano, peleka maombi TCRA kupitia halmashauri au taasisi yenu, na mtenge fedha ya betri mpya na ya kuhuisha leseni. Betri za redio zinazotumika kila siku huchoka baada ya miaka michache, na miradi mingi ya redio vijijini huishia hapo: redio nzima, betri zimekufa, na hakuna aliyepangiwa kununua nyingine.